Nimemaliza Allegiant, nisaidieni kuuelewa ule mwisho (kama hujasoma usiendelee)

mlakurasa
Wakuu habari za saa hizi. Nimemaliza Allegiant, riwaya ya tatu na ya mwisho ya mfululizo wa Divergent, usiku wa kuamkia leo na usingizi umenikataa, sio kwa utamu, kwa hasira. Ambaye hajaisoma aishie hapa hapa maana namwaga uhondo wote.

Divergent niliimaliza siku mbili, Insurgent nikaisoma kwa kujikongoja ila nikavumilia nikijua cha tatu ndo kitanilipa. Halafu mwandishi Veronica Roth anakuja kumuua Tris, mhusika mkuu!! Na sio kwenye vita kubwa wala nini, dada wa watu ameshaipita ile dawa ya kifo inayolinda maabara ya silaha, ambayo hakuna aliyetegemewa kutoka mzima, unashusha pumzi, kumbe ndani David, mkuu wa Ofisi inayoiendesha Chicago kama jaribio, kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu na bunduki mkononi. Imeisha hiyo. Ukifunua sura inayofuata juu imeandikwa TOBIAS, yaani mpenzi wake ndo anasimulia, inayofuata TOBIAS tena, unabaki unafunua kurasa unatafuta jina la Tris lirudi. Mi nilirudi nyuma nikidhani nimeruka mahali.

Sasa swali, hivi ilikuwa lazima? Aliyejitolea kwenda kwenye maabara ile kuiachia dawa ya kufuta kumbukumbu alikuwa Caleb, kaka yake Tris, na Caleb huyo huyo ndo alimsaliti mdogo wake kwa Jeanine, kiongozi wa kundi la Erudite, kule Insurgent. Si angeachwa aende akalipe deni lake?

binti_riwaya
Pole mkuu, wengi tumepita hapo. Ila jibu umeshaliandika mwenyewe, hapo kwenye "akalipe deni".

Kumbuka Insurgent, Tris anajipeleka mwenyewe makao makuu ya Erudite akauawe. Anajiambia anaokoa watu, na kweli anawaokoa, ila ndani yake kuna rafiki yake Will aliyempiga risasi kwa mkono wake mwenyewe, kuna wazazi waliokufa kwa ajili yake, amechoka kubeba. Anakuja kushtuka dakika za mwisho kwamba kumbe anataka kuishi. Peter ndo anamwokoa, Peter, yule adui yake! Kwa hiyo anajua vizuri mtu anayekwenda kufa kwa sababu ya hatia anafananaje, na akimwangalia Caleb na lile begi la milipuko anajiona yeye wa kipindi kile. Ndo maana anampokonya. Na hakwenda kufa, alikwenda akiamini mwili wake unaweza kushindana na ile dawa, na ulishinda kweli. Ujumbe aliomwachia Caleb ampe Tobias ni kwamba hakutaka kumwacha. Mtu anayesema Tris alijiua mi huwa namwambia arudie kusoma taratibu.

kijiwe77
Binti riwaya umeongea vizuri ila mi nakataa, tatizo la kitabu hiki limeanza mbali sana kabla ya ile risasi. Kwanza sauti. Vitabu viwili vyote anasimulia Tris peke yake, cha tatu tunapewa Tris na Tobias kwa kupokezana, na aisee nilikuwa nasahau nani anaongea inabidi nirudi mwanzo wa sura nikaangalie jina. Wote wanawaza vile vile. Na mtu ukiona ghafla msimulizi wa pili kaletwa unaanza kujiuliza wa kwanza ana safari gani.

Pili, na hili ndo linaniuma zaidi. Wale wa Ofisi pale uwanja wa ndege wa O'Hare wanataka kuwafutia kumbukumbu watu wa Chicago ili waanze upya, na kina Tris wanaona ni unyama, sawa kabisa. Dawa yao ni nini? Kuwafutia kumbukumbu watu wa Ofisi! Kitendo kile kile, wamegeuza tu mwelekeo wa bomba. Wanaliongelea kidogo halafu linapita, na Tris akishakufa ndo basi tena, wote tunalia, hakuna anayeuliza nani aliwapa kibali. Kifo kimefunika kesi.

Sura_ya_Pili
Mi nilianzia kwenye filamu, mwenzenu nikajua Tris mzima maana ile ya 2016 inaisha yuko hai. Walikigawa kitabu nusu, nusu ya pili ikaja kutotengenezwa kabisa. Nikaenda kusoma kitabu kwa raha zangu. Acheni tu.

mlakurasa
Sura_ya_Pili nimecheka japo sikupenda 😂

Binti riwaya hilo la Will sikuliunganisha kabisa, nimerudi kusoma pale wanapokabidhiana begi na sasa naliona. Kijiwe77 hoja ya kumbukumbu sina jibu, nikilipata nitarudi, ingawa nadhani halipo kitabuni.

Kilichonituliza kidogo ni yale ya mwisho, miaka miwili na nusu baadaye. Tobias anaogopa urefu, tunajua tangu kitabu cha kwanza, halafu anapanda juu ya jengo la Hancock anafungwa kwenye ule waya ambao Tris aliteleza nao akiwa mgeni kwenye kundi la Dauntless akafurahi kama mtoto. Anashuka nao huku kashika majivu yake, anayamwaga hewani. Hapo ndo nililia, kwenye risasi nilikuwa na hasira tu.

Ila Caleb bado sijamsamehe.