Chumba safi cha mita 6 kwa 9: fremu ya alumini, fremu ya chuma, au dari ya kuning'iniza?

Boriti6
Wakuu, nataka chumba safi cha ISO 5, yaani daraja la hewa yenye chembe chache sana za vumbi. Dari karibu yote itakuwa feni zenye vichujio, na sitaki nguzo katikati. Muuzaji anasema alumini itabeba bila shida. Mnaonaje?

MchoraFremu
Kubeba itabeba. Uliza itapinda kiasi gani. Ukakamavu wa alumini ni gigapaskali 70 hivi, wa chuma 210 hivi. Kwa umbo na mzigo uleule, alumini hupinda mara tatu zaidi. Na urefu ndio balaa: kutoka mita 3 kwenda 6, mzigo wa kila mita ukibaki uleule, kupinda kunafika mara 16. Boriti haitavunjika, ila mpira wa kuziba kichujio utaachia upande mmoja na hewa chafu itapita pembeni. ISO 5 unaipotezea hapo. Kama ni lazima alumini, ongeza kina cha boriti kabla ya kuongeza unene wake.

AduiWaKutu
Mimi bado natetea alumini. Rangi ya chuma ikibanduka, kutu inamwaga chembechembe ndani ya chumba unachokipigania. Ila msichomelee! Alumini ya 6061-T6 (aloi iliyoimarishwa kwa joto) hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kando ya mshono. Funga kwa bolti, kisha weka mihimili ya mshazari, maana kona za bolti huyumba.

Boriti6
Na shinikizo la hewa ndani?

AduiWaKutu
Paskali 15 ni kama kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Dogo. Mlango ndio utakaolihisi.

Daridari
Ningening'iniza dari kwenye paa la jengo, kuta zijibebe zenyewe. Hapo alumini inatosha kabisa, kwa kuwa kila kipande kinakuwa kifupi.

Boriti6
Paa langu ni jepesi, halikupigiwa hesabu ya mzigo huo.

MchoraFremu
Basi changanya. Boriti kuu za chuma zikae juu ya dari, nje ya eneo safi, zikisimama kwenye nguzo zake pembeni. Gridi ya alumini ining'inie chini yake. Vinapokutana weka washa za nailoni, unyevu usije ukaila alumini. Matundu ya bolti yawe marefu kidogo, kwani alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Usawa wa dari upimwe feni zote zikishapanda.

Daridari
Naunga mkono. Tuma mchoro tuhesabu boriti.