KE70: 4K imechoka. Niweke 4A-GE ya valvu 20 au nisubiri ya valvu 16?

Mshale_E70
Wakuu, habari za humu. Gari ni Corolla KE70, injini 4K ya asili, gia boksi K50. Moshi wa bluu kila nikikanyaga, na mlima unaomba gia ya pili. Sitaki kuifanyia overhoo, nataka gari liende. Nimeonyeshwa 4A-GE (injini ya Toyota ya lita 1.6) ya valvu 20, ile silvertop yenye kifuniko cha hedi cha rangi ya fedha, imetolewa kwenye gari la kuvuta mbele. Ipo na nyaya na kompyuta yake, gia boksi hakuna. Wapo wanaoniambia nisubiri ya valvu 16 ya AE86, ile Corolla ya kuvuta nyuma, wengine niruke hadi 3S-GE, injini nyingine ya Toyota. Gari ni la kila siku. Welda na winchi ninavyo, ila upande wa umeme mimi ni mgeni. Nianzie wapi?

Krenki_Saba
Mkuu, injini ndiyo rahisi kuipata. Kinacholaza magari kwenye mawe ni vile vitu vya kuiunganisha.

Silvertop inatoa farasi 160 kwenye mizunguko 7,400, na kila silinda ina throttle yake. Kwa namba inaiacha mbali valvu 16 ya AE86, yenye 130. Lakini ilitengenezwa ikae kwa upana. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distribyuta na shingo ya kutolea maji, ambazo zote ziko nyuma ya hedi, zinagota ukuta wa dashibodi. Ya AE86 distribyuta iko ubavuni na maji yanatokea mbele, inaingia bila kelele.

3S-GE sahau kwa gari la kila siku. Ni lita 2, ni pana na nzito, mauntini (vishikizo vya injini) zote utazichora mwenyewe, na difu ya KE70 haitadumu.

Kwa mtu asiyeelewana na nyaya ningesema valvu 16 iliyotoka AE86 ikiwa kamili: gia boksi T50, flaiwili, klachi, nyaya na kompyuta, vyote vya gari moja. Ukipenda hiyo 20, pima kompresheni kabla hujatoa hela. Betri iliyojaa, plagi zote nne nje, throttle wazi hadi mwisho, umeme wa koili na wa nozeli umechomolewa, kisha starta mpaka sindano isimame. Valvu 16 nzima inasoma karibu psi 180. Chini ya 140 ni ya kufungua. Kwa injini yoyote ya hizi, silinda na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Nikilazimika kuchagua kati ya namba kubwa na namba zinazolingana, nachukua zinazolingana.

Mzee_wa_Kabureta
Vijana mnapenda kukata magari. 5K ni cc 1,486, mwenye nayo anaifunga kwenye mauntini zilezile za 4K, K50 ileile, propela ileile. Iliyotoka kwenye gari la mizigo angalia sampu (sinia la oili), ikikataa krosmemba (chuma cha chini kinachobeba injini) hamisha ya 4K yako. Weka kemushafti kali kidogo na kabureta mbili, Jumapili jioni unaendesha.

Krenki_Saba
Mzee hoja yako nzito, na gari halitalala nje mwaka mzima. Ila 5K ni ya fimbo za kusukuma valvu. Anayetaka mizunguko 7,000 kila siku hatafurahi nayo.

Boliti_10
Nijazie upande wa kufunga, maana hapa ndipo watu wanapokosea kipimo.

Krosmemba: body hii ilitoka pia na injini za familia ya A (AE71), kwa hiyo tafuta krosmemba na mauntini za huko kabla ya kuwasha welda. Hakikisha inalingana na stelingi uliyonayo, boksi au raki.

Usijaribishe kwa injini nzima. Chukua bloku tupu na ganda la gia boksi, vyepesi, unaviinua na kuvishusha mara ishirini bila kuumia mgongo. Kila sehemu iachiwe angalau milimita 20 na ukuta, stelingi na bomba la breki, kwa sababu injini inajipinda ikivuta. Usisahau kufunga boneti ukiwa na udongo laini wa kuchezea juu ya kifuniko cha hedi. Ulipobanwa ndipo panapogusa.

Propela: mkia wa gia boksi ukiinama digrii 3, pua ya difu iinuke 3 vilevile, tofauti isizidi digrii moja. Pembe zisipolingana gari litatetemeka kwenye spidi hata kama propela imepigwa balansi. Na ile shingo inayoteleza ndani ya gia boksi iachiwe milimita 20 hivi kabla ya kugota ndani, difu ikiwa imepanda juu kabisa.

Sasa kitu kidogo kuliko vyote. Injini za kuvuta mbele hazina beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi) kwenye mkia wa krenki, kwa kuwa gia boksi yake haiihitaji. T50 inaihitaji. Usipoiweka, shafti ya kuingilia inaelea, klachi inatetemeka ukiondoka, na beringi ya mbele ya gia boksi inaanza kuimba mapema. Pima tundu la krenki na ncha ya shafti kwa kalipa, ndiyo ununue. Hesabu pia matundu ya boliti za flaiwili na uangalie pini mbili za kulengesha kati ya bloku na gia boksi. Zikikosekana usikaze ukitegemea boliti peke yake, gia boksi itakaa kando kidogo na klachi italiwa upande mmoja.

T50 ya AE86 inatumia klachi ya haidroli. Kama pedali yako inavuta kebo, ongeza masta silinda kwenye hesabu.

Nyaya_Nyekundu
Petroli na umeme. Pampu ya kabureta inasukuma psi 3 hadi 4. Nozeli zinataka 36 na kuendelea. Mpira wa zamani utapasuka juu ya eksozi, kwa hiyo badilisha mipira yote iwe ya presha, na rudisha bomba la pili hadi kwenye tangi. Tangi la KE70 halina vizuizi vya kutosha ndani; kwenye kona kali ikiwa robo tangi pampu itavuta hewa. Weka kichupa cha lita 1.5 hadi 2: pampu ndogo inakijaza, pampu kubwa inavuta humo.

Pampu iende kwa rilei na fyuzi yake, na ikate yenyewe injini ikizima. Usiiunganishe moja kwa moja na swichi. Siku ya ajali utaelewa kwa nini nasema.

Waya wa ardhi: mmoja mnene kutoka bloku hadi body, mwingine body hadi betri. Ukisahau wa bloku, starta itatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni kebo ya throttle. Utaiona inatoa moshi.

Kwa valvu 20, distribyuta itoke kabisa. Mahali pake weka gurudumu la meno 36 lililopungua jino moja kwenye puli ya krenki, sensa mbele yake, koili mbili (silinda 1 na 4, 2 na 3) na kompyuta ya kupangwa. Ukimaliza hakikisha taiming kwa taa, usiamini skrini. Shingo ya maji ya nyuma ipe njia mpya. Ukiiziba tu, silinda ya 4 itapikika ya kwanza.

Mshale_E70
Asanteni wakuu. Nimepima ile 20: 192, 188, 190, na ya 4 ni 150. Muuzaji anasema ni kukaa muda mrefu tu.

Krenki_Saba
Weka kijiko kimoja cha oili silinda ya 4, pima tena. Ikipanda sana ni ringi za pistoni.

Mshale_E70
Imefika 156.

Krenki_Saba
Basi tatizo liko juu, kwenye hedi. Peleka pistoni ya 4 juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, zuia krenki, ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, sikiliza. Ikivuma kwenye eksozi ni valvu ya kutolea. Ikivuma kwenye throttle ya 4, ni moja kati ya tatu za kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Kukaa kunaweza kutia kutu kwenye kiti cha valvu, hapo muuzaji hajadanganya, ila hedi inafunguliwa vilevile.

Mshale_E70
Inavuma eksozi.

Boliti_10
Kata bei ya kazi ya hedi, au iache. Ukiichukua, hedi ifunguliwe ikiwa bado chini, na taiming belti, wota pampu na sili ya nyuma ya krenki vibadilishwe hapohapo. Ile sili ukishafunga T50 juu yake, kuifikia ni kushusha gia boksi upya.