Tupeane uzoefu: mchezaji wa benchi wa timu yako alipotolewa kwa mkopo, iliishaje?

MguuWaKushoto
Wakuu, timu yangu imemtoa winga wetu kwa mkopo mpaka mwisho wa msimu, na timu siitaji kwa sababu uzi utageuka vita ya jezi kabla hatujafika popote. Ni yule mchezaji wa kuingizwa dakika ya 85 matokeo yakishajulikana, anakimbiakimbia pale pembeni, anapiga krosi moja inaishia mikononi mwa kipa, refa anamaliza mpira. Mechi alizoanza ni za kombe tu tena dhidi ya timu za madaraja ya chini. Sasa kwenye grupu letu kila mtu ana lake, wengine wanasema anaenda kupata dakika atarudi kakomaa, wengine wanasema ndo kwaheri hiyo, klabu inaogopa kelele za kumuuza kwahiyo inamsogeza mlangoni taratibu. Mi naegemea kwa hao wa kwaheri, maana wiki hiyohiyo tumesajili winga mwingine.

Utabiri sitaki, ninao wa kutosha. Nataka mtu ambaye mchezaji wa timu yake aliondoka kwa mkopo akamfuatilia kwelikweli, atuambie iliishaje na dalili zilikuwa zipi. Tiririkeni.

Sabu_Dakika89
Siti ya mbele kabisa.

MzeeWaSpurs
Mi niongelee Harry Kane, najua mtasema huyo kila mtu anamjua lakini wengi wanasimulia mwisho tu. Sisi tuliokuwa tunamfuatilia wakati hata sura yake hujaizoea tunakumbuka kingine kabisa. Januari 2011 kaenda Leyton Orient, akafunga, sawa. 2012 Millwall, hapo akawasha moto, mpaka mashabiki wao wakawa wanamtaka jumla. Tukasema basi dogo kaiva. Msimu uliofuata kapelekwa Norwich, kavunjika mfupa wa mguu, hakufunga hata goli moja la ligi. Akamalizia Leicester na huko akawa anasugua benchi, kuna ile picha maarufu yeye na Jamie Vardy wamekaa benchi pamoja 2013, mmoja baadaye kaja kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Spurs kwa magoli 280 na mwingine kachukua ubingwa wa ligi na hiyohiyo Leicester.

Ninachotaka kusema mkuu, ukimpima kwa mkopo wa mwisho ungemuuza mchana kweupe, na wapo wengi tu kwenye baraza letu walitaka auzwe. Mikopo yake haikuwa inapanda kama ngazi, ilikuwa inapanda inashuka. Dalili niliyoiona mimi ni moja tu, kila alikokwenda klabu ilikuwa inamrudisha mazoezini na kikosi cha kwanza na kumwongezea mkataba. Angalia mkataba wa winga wako umebaki muda gani. Kama wamemwongezea kabla ya kumtoa wana mpango naye, kama kabakisha mwaka mmoja hajaongezwa, basi mzigo unatafutiwa mnunuzi.

MguuWaKushoto
Kabakisha mwaka mmoja na nusu mzee wangu. Hajaongezwa.

MzeeWaSpurs
Pole sana.

Dada_Kaunta
Haya na sisi wa United tuongee maana kwenye hii mada tuna shahada. Jesse Lingard, Januari 2021. Msimu ule hakuwa amegusa mpira kwenye ligi akiwa na sisi, hata dakika moja. Kaenda West Ham, mechi 16 za ligi magoli 9. Tisa! Mi nilikuwa naangalia mechi za West Ham kuliko zetu, nikifika kazini Jumatatu naulizwa siku hizi umehama timu? Kila goli nafurahi halafu naumia hapohapo, kwanini huku kwetu hamna nafasi.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Angeuzwa kiangazi kile tungepata hela nzuri. Akarudishwa, akawekwa benchi, akaingizwa dakika za mwisho, tena Septemba 2021 akaenda kuwafunga haohao West Ham goli la ushindi dakika ya 89. Halafu 2022 mkataba ukaisha akaondoka bure kwenda Nottingham Forest. Bure jamani. Kwahiyo ndugu yangu MguuWaKushoto, usiombe tu winga wako afanye vizuri, omba akifanya vizuri viongozi wako wajue la kufanya siku akirudi. Mkopo mzuri bila mpango ni hasara kuliko mkopo mbovu, mi ndo ninavyoona.

Jezi_ya_Kijani
Dada umesahau winga wenu Antony. Mimi Betis ya Hispania nilikuwa siifuatilii kabisa, nimeanza Januari 2025 alipokwenda pale, kwanza kwa ajili ya kucheka maana nilishamzoea kama kichekesho. Kicheko kikaisha mapema. Yuleyule, chenga ileile ya kuingia ndani na mguu wa kushoto, ila Hispania beki anamwachia hatua mbili na yeye anapiga. Nusu fainali ya Conference League dhidi ya Fiorentina kafunga mechi zote mbili. Fainali wakapigwa 4-1 na Chelsea lakini hakuna aliyemlaumu yeye. Septemba wakamnunua jumla. Mpira ni uleule, kilichobadilika ni kwamba kule alikuwa anapewa mpira akiwa amesimama sehemu anayoipenda na anaambiwa endelea hata akipoteza.

Benchi_la_Ufundi
Ngojeni niweke mambo ya kanuni kidogo kwa sababu watu wanaongea kama klabu inaweza kumtoa yeyote popote. FIFA walibadilisha tangu Julai 2022. Mkopo wa kimataifa hauvuki mwaka mmoja, klabu iliyomchukua kwa mkopo haiwezi kumkopesha tena kwa klabu ya tatu, na kuna kikomo, walianza na wachezaji 8 kutoka na 8 kuingia, wakashusha 7, na tangu msimu wa 2024/25 ni 6. Kati ya klabu mbili haizidi watatu. Ila wachezaji wa miaka 21 kushuka chini waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Kwahiyo kama winga wako ana miaka 24, alinunuliwa na kaenda nje ya nchi, jua katumia nafasi moja kati ya chache na klabu haichezei nafasi hizo. Mtu amekaa akaamua.

Sabu_Dakika89
Na akikutana na nyie si anawafunga?

Benchi_la_Ufundi
Inategemea ligi. Premier League hairuhusiwi kabisa kucheza dhidi ya klabu mama. Ulaya ni tofauti, muulize shabiki wa Chelsea kuhusu Thibaut Courtois 2014, yuko Atletico kwa mkopo mwaka wa tatu, wanakutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwenye mkataba kulikuwa na kipengele kwamba akicheza Atletico walipe hela ndefu, UEFA wakasema kipengele hicho hakina nguvu. Akacheza zote mbili, Atletico wakashinda 3-1 Stamford Bridge.

Bluu_Mpaka_Kiama
Mmeniita na kidonda. Mi kwenye simu yangu nilikuwa na listi ya wachezaji wetu waliopo kwa mkopo, kuna msimu walizidi 30, ukifungua wikiendi kuangalia matokeo unamaliza bando. Wengine sijawahi kuwaona na jezi yetu, kuna kipa Matej Delač alisajiliwa 2010 akaondoka 2018 hajacheza hata mechi moja ya mashindano, maisha yake yote ya Chelsea yalikuwa mkopo. Lucas Piazon naye kazunguka Hispania, Uholanzi, Ujerumani, Ureno, Italia, yaani mtu anapata pasipoti imejaa mihuri kuliko dakika za uwanjani kwa klabu yake. Funzo... hapana sitoi funzo, nasema tu ukiona mkopo wa tatu mfululizo kila mwaka nchi mpya, acha kumsubiri.

Anfield_Kwetu
Sisi wa Liverpool tulikuwa na mshambuliaji Divock Origi na hadithi yake inavunja hizo kanuni zenu zote za dalili. 2017 kapelekwa Wolfsburg. Nilijilazimisha kuangalia Bundesliga msimu mzima kwa ajili yake na niwaambie ukweli ilikuwa mateso, timu mbovu, makocha wanabadilishwa, wameponea kwenye mechi za mchujo wa kushuka daraja. Karudi kiangazi cha 2018 na hakuna mtu aliyemsubiri, mi mwenyewe nilidhani atauzwa. Hakuuzwa, akabaki kukaa kule mwisho wa benchi.

Desemba akaingia dakika za lala salama dhidi ya Everton, ile kipa wao Pickford kaparamia mpira ukagonga mwamba, Origi kaweka kichwa dakika ya 96. Mei 2019 Barcelona 4-0 kafunga mawili likiwemo la ile kona ya Trent. Fainali ya Ligi ya Mabingwa na Spurs kaweka la pili. Sasa niambieni mkopo wa Wolfsburg ulimsaidia nini? Mi naona haukumsaidia chochote. Alisaidika kwa kutouzwa. Kuna wachezaji ni wa kuingia tu, ukiwapa mechi 30 za kuanza hawakupi kitu, ukiwapa dakika 10 wanakupa kombe.

MzeeWaSpurs
Hiyo fainali si ulazima wa kuitaja.

Anfield_Kwetu
😂😂 samahani mzee wangu

Rasi_wa_Pembeni
Kuna Mbwana Samatta pia. Kafika Aston Villa Januari 2020, kafunga mechi yake ya kwanza ya ligi na Bournemouth, kafunga fainali ya League Cup na City, sote tukawa Villa ghafla. Msimu uliofuata Villa wakamsajili Ollie Watkins na Septemba Samatta akawa Fenerbahçe kwa mkopo wenye lazima ya kununua. Hapo ndo nilipojifunza kuuliza swali hili kwanza: kuna hiari ya kununua au lazima? Kama ni lazima hiyo ni mauzo, wameandika mkopo kwa ajili ya mahesabu yao ya mwaka. Watu walikuwa wanasema atarudi Villa, atarudi Villa, arudi vipi wakati kashauzwa. Fenerbahçe nao wakaja kumkopesha Antwerp, kisha Genk alikotokea.

Kipa_Mstaafu
Nimesoma wote mnaongea upande wa jukwaani. Mi nilicheza, sio levo hizo mnazotaja, ligi ya chini, kipa namba mbili, na nilitolewa kwa mkopo. Niwape upande wa ndani.

Kwanza hauitwi ofisini kama mnavyofikiria. Nilikuwa natoka jim, meneja wa timu kanipigia anasema kuna timu inahitaji kipa, kocha wao kakuona, unaondoka kesho asubuhi. Swali lako la kwanza halihusu mpira, ni nalala wapi na nani ananilipa. Mshahara waliugawana nusu kwa nusu kwenye karatasi, na hapo ndo balaa, tarehe ikifika klabu yangu inasema tumeshatuma sehemu yetu waulize hao, hao wanasema tunasubiri wenzetu watume kwanza. Nimekaa hivyo miezi. Unadaka penalti Jumamosi, Jumatatu unakopa nauli ya mazoezini. Shabiki anaandika huyu kipa wa mkopo hana ari. Ari unaila?

La pili, na hili MguuWaKushoto lizingatie, aliyeniomba ni kocha. Kocha yule akafukuzwa nikiwa sijamaliza hata kuzoeana na mabeki. Aliyekuja ana kipa wake anayemwamini, na mimi si mali ya klabu, akinipanga ananikuza kwa faida ya watu wengine. Kwanini anipange? Akaniambia hivyohivyo, bila chuki, na nilimwelewa. Nikawa namba tatu kwenye timu niliyokwenda ili niwe namba moja. Kurudi siruhusiwi mpaka dirisha lifunguliwe kwa sababu mkataba haukuwa na kipengele cha kurudishwa katikati ya msimu.

Kwahiyo mimi nikisikia mchezaji katolewa kwa mkopo nauliza kocha wa kule ana nguvu kiasi gani, timu ipo nafasi ya ngapi. Timu inayopigania kushuka itabadilisha kocha tu, na wa kwanza kuathirika ni wa mkopo.

Dada_Kaunta
Mkuu pole sana, na uliporudi?

Kipa_Mstaafu
Kabati langu lilikuwa na jina la dogo wa akademi. Mtunza vifaa akanipa glovu zangu kwenye mfuko wa nailoni akasema alizificha zisichukuliwe, mtu mwema sana yule. Nikacheza mechi za kirafiki za maandalizi, msimu haujaanza wakanipa barua ya kuniacha. Nafundisha makipa watoto sasa hivi, nina amani.

MguuWaKushoto
Dah. Asante kaka, hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimeangalia, timu aliyokwenda ipo nafasi ya nne kutoka chini na kocha ana ushindi mmoja tu kwenye mechi zake za karibuni.

Kipa_Mstaafu
Mwombee kocha basi, sio winga.

Gunner_Mpole
Kwa makipa nami nina Emiliano Martínez. Arsenal tulimkopesha Oxford, Sheffield Wednesday, Rotherham, Wolves, Getafe, Reading. Miaka kumi kasoro anazunguka. 2020 kipa namba moja Leno kaumia na Brighton, akaingia, akatupa FA Cup, tukamuuza Villa mwaka huohuo. 2022 kachukua Kombe la Dunia na glovu ya dhahabu. Mi sijutii kwamba aliuzwa kwa sababu alitaka kuwa namba moja na alistahili, nachojiuliza ni ile miaka yote alikuwa anacheza hivyohivyo Reading na sisi hatuangalii? Maana Reading alikuwa moto, nilimwona. Halafu sisi hawahawa tukamchukua Ødegaard kwa mkopo kutoka Madrid Januari 2021, wao hawakumwona, sisi tukamwona, tukamnunua, kawa kapteni. Kila klabu ina macho ya kuona cha jirani.

Sabu_Dakika89
Bluu mbona hujamtaja Lukaku?

Bluu_Mpaka_Kiama
Kwa sababu nilikuwa nataka kulala. Haya. 2012/13 yuko West Brom kwa mkopo, magoli 17 ya ligi, kuliko mchezaji yeyote wetu msimu ule, siku ya mwisho kawapiga United matatu kwenye ile 5-5 ya kumuaga Ferguson. Karudi, mkopo tena Everton, halafu tukamuuza hukohuko. 2021 tukamnunua kwa pauni milioni 97.5. Mwaka mmoja, mkopo Inter. Mwaka uliofuata, mkopo Roma. Yaani mtu mmoja tumemkopesha akiwa dogo na tumemkopesha akiwa mtu mzima, na katikati tumelipa karibu milioni mia ili tupate nafasi ya kumkopesha tena. Usiku mwema.