Vita vya Ureno barani Afrika (1961–1974): Ureno yenyewe ilibaki na nini?

Mvuvi wa Msimbati

Wakuu, heshima kwenu.

Vita hivi tunavijua kwa upande wetu: FRELIMO kuundwa Dar Juni 1962, kambi ya Nachingwea, wakimbizi kuvuka Ruvuma, kiongozi wao Mondlane kuuawa kwa bomu Februari 1969. Upande wa pili hausemwi sana. Nchi ndogo, maskini kwa viwango vya Ulaya Magharibi, ikapigana miaka 13 Angola, Guinea (leo Guinea-Bissau) na Msumbiji. Iliwafanya nini watu wa kwao, na nini bado kipo leo? Mapinduzi ya Aprili 1974, wanajeshi walipoiangusha serikali Lisbon, yapo kila kitabu, hayo tuyaache. Naulizia kijiji, familia, pensheni, uraia.

Kaskazi

Anza na vijana waliokimbia, maana pengo lao linaonekana hadi kwenye sensa. Kijana wa Ureno akifikia umri wa jeshi alijua kinachomsubiri: mafunzo, kisha takriban miaka miwili Afrika, na ukijumlisha yote ni mitatu au minne ya ujana wake. Waliopelekwa kutoka Ureno ni kama 800,000, kwenye nchi ya watu wasiofika milioni 9. Wengine wakatafuta njia ya kutoka.

Njia yenyewe ilikuwa Ufaransa kwa magendo, kupitia Hispania na milima ya Pyrenees. Malipo yake yalipangwa kwa akili. Picha ya msafiri inachanwa vipande viwili, kimoja kinabaki kwa familia na kingine anakwenda nacho. Akifika salama anakituma nyumbani kwa posta. Familia ikiona vipande vimeoana, inamlipa mvushaji fedha zilizobaki. Akiachwa porini, kipande hakiji na mvushaji hapati kitu.

Shida ilikuwa kurudi. Aliyeondoka bila kumalizana na jeshi akikanyaga Ureno anakamatwa, kwa hiyo misiba na harusi zilimpita hadi msamaha wa 1974. Kufikia hapo alishaoa huko na watoto wanasoma Kifaransa. Ndiyo maana vijiji vya Trás-os-Montes na Beira, mikoa ya Ureno yenyewe, vina nyumba kubwa zinazofunguliwa Agosti tu. Sensa ya 1970 ilihesabu watu wachache kuliko ya 1960. Vita havikuwa sababu pekee, umaskini ulisukuma wengi zaidi, lakini ndivyo vilivyoharakisha mambo kwa wavulana.

Jambo lingine halitajwi vya kutosha: wanawake. Wanaume wako Afrika au Paris, viwanda vya nguo na maofisi vinataka watu. Wanawake wakaingia, tena kwa ajira ya siku nzima, na hawakutoka. Ukilinganisha Ureno na Hispania au Italia miaka iliyofuata, tofauti inaonekana wazi.

Jalada

Mimi nitajibu la pensheni na wagonjwa, kwa sababu ndiko vita hivi vinakoishi bado.

Waliokufa jeshini ni zaidi ya 8,000. Miaka ya mwanzo familia ndiyo iliyogharamia kurudisha mwili, hivyo maskini walizikwa hukohuko, na makaburi mengi bado yapo Angola, Guinea na Msumbiji. Hilo peke yake limeacha kinyongo ambacho mnara wa kuwakumbuka, uliozinduliwa Belém, Lisbon, 1994, haujakifuta.

Waliolemaa walijipanga haraka. Chama chao, ADFA, kiliundwa Mei 1974, hata mwezi haujaisha tangu mapinduzi. Januari 1976 wakapata amri-sheria 43/76: ukithibitishwa ulemavu wa angalau 30% uliotokana na vita, unapata hadhi ya mlemavu wa majeshi, pensheni na matibabu. Kwa aliyekatwa mguu na bomu la ardhini ilifanya kazi vizuri, maana jeraha lilikuwa na tarehe, hospitali na ripoti ya kikosi.

Kwa aliyerudi mzima akaanza kuamka usiku akipiga kelele, akanywa, akampiga mke, haikumsaidia. Sheria ya kuutambua ugonjwa huo wa akili kama ulemavu wa vita ilikuja 1999, namba 46/99, miaka 25 baada ya risasi ya mwisho. Na hapo ndipo mambo yanapokwama. Mgonjwa lazima aoneshe mnyororo mzima: tukio fulani, mahali fulani, kikosi fulani, kisha daktari aseme ugonjwa umetokana na tukio hilo, halafu baraza la madaktari wa jeshi liweke asilimia. Ripoti za vikosi ziliandikwa kwa kifupi mno. Shambulio la usiku mzima linakuwa mistari miwili, na aliyekuwa pale bila kujeruhiwa hatajwi. Anabaki kutegemea mashahidi wa kikosi chake, ambao wengi wao ni marehemu au wako Ufaransa. Majalada yamekaa miaka na miaka, mengine yakafungwa kwa sababu mwenyewe amefariki.

Kwa waliosalia kuna Sheria 46/2020. Inatoa kadi ya mpiganaji wa zamani, msamaha wa ada kwenye hospitali za umma, usafiri wa umma bure kwenye maeneo kama Lisbon na Porto, makumbusho ya taifa bure, na bendera kwenye jeneza kwa anayeitaka. Mjane naye ana kadi yake. Fedha taslimu ni jambo jingine. Nyongeza ya pensheni chini ya Sheria 3/2009 ilipangwa kuwa euro 75, 100 au 150, kulingana na miezi ya utumishi. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Wazee wanaiita tusi, na sioni wanachokosea.

Baraza la Mtaa

Mleta mada amesema tuyaache mapinduzi, lakini kuna kipande kimoja lazima kiingie, maana kinaonesha vita vilivyolila jeshi kwa ndani. Mwaka 1973 makapteni walikuwa wamekwisha. Vijana hawaendi tena chuo cha kijeshi, na kila kampuni ya askari inayokwenda Afrika inahitaji kapteni. Julai serikali ikatoa amri-sheria 353/73: maofisa wa muda walioitwa jeshini wasome kozi fupi, waingie jeshi la kudumu na kuhesabiwa ukongwe wao. Maofisa wa kudumu wakaona wanarukwa kwenye foleni ya vyeo. Mikutano ya makapteni ilianza kwa malalamiko hayo ya kazi, na siasa ikaingia humo polepole. Wanaosema yalikuwa mapenzi ya demokrasia tangu siku ya kwanza wanapamba.

Kaskazi

Sawa, ila amri tu haitoshi. Wengi wa makapteni walikuwa wamekwenda Afrika mara ya pili au ya tatu, na walishaona Guinea haishindiki. Bila hayo, yangeishia kwenye barua ya malalamiko.

Binti Saidi

Uraia haujaguswa, na kwangu ndio uzito wa mada.

Kati ya 1974 na 1976 waliingia Ureno watu nusu milioni hivi au zaidi kutoka makoloni, wengi kwa ndege kutoka Luanda kati ya Julai na Novemba 1975. Escudo ya Angola haikuwa na maana Lisbon, kwa hiyo mwenye duka alishuka na masanduku tu. Makreti ya mbao yalirundikwa ufukweni Belém, chini ya mnara wa kuwasifu wavumbuzi. Taasisi iliyoitwa IARN iliwapangia hoteli, hata za nyota tano Estoril. Wenyeji wakanuna: sisi tumepeleka wana kufia huko, hawa wanalala hotelini. Hata hivyo baada ya miaka kama 10 walishajichanganya na wenyeji. Walikuwa na elimu, ndugu vijijini, na pasi ya Ureno.

Pasi ndiyo iliyowagawa watu. Amri-sheria 308-A/75 ya 24 Juni 1975 ilimwachia uraia aliyezaliwa Ureno na kizazi chake hadi cha tatu, pamoja na wachache waliokuwa wakiishi Ureno zaidi ya miaka mitano kabla ya 25 Aprili 1974. Mweupe wa Luanda mwenye babu wa Braga, Ureno, akapita. Mweusi aliyeambiwa miaka yote kwamba Msumbiji ni mkoa wa Ureno, akavaa sare yake, akalala raia akaamka mgeni. Sheria ya uraia ya 1981 ikaweka damu mbele ya mahali pa kuzaliwa, na watoto waliozaliwa mitaa ya wahamiaji kama Cova da Moura, pembeni ya Lisbon, wakakua wageni katika mji wao.

Mvuvi wa Msimbati

Asanteni sana. Swali la mwisho: Mmakonde wa Msumbiji aliyepigana upande wa Wareno, anapata chochote kwenye hiyo sheria ya 2020?

Jalada

Mkuu, kwenye maandishi yumo. Sheria inawataja pia askari walioandikishwa makoloni, na ilibidi iwataje, maana mwishoni mwa vita wao walikuwa zaidi ya nusu ya jeshi lote la Ureno nchini Msumbiji. Vitendo ni tofauti. Nyongeza ya fedha hulipwa juu ya pensheni ya Ureno, asiyekuwa nayo hana pa kuibandika. Usafiri wa bure wa Lisbon haumfai aliye Mueda. Na kabla ya yote lazima jina lake lipatikane kwenye kumbukumbu za jeshi, ilhali baada ya uhuru wengi walichoma vitambulisho vyao ili wasijulikane walikuwa upande gani. Mwenye namba ya jeshi au jina la kikosi aanze na hiyo, aandike ombi la cheti cha utumishi kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi Lisbon. Bila namba, jina peke yake mara nyingi halifiki, kwa kuwa makarani wa Kireno waliyaandika majina ya Kimakonde kila mmoja alivyoyasikia.