SSD 8 za umri mmoja kwenye seva ya databesi: RAID 5 inatosha?

raki_ya_pili
Wakuu, habari za kazi. Kuna seva ya Linux yenye SSD 8 za SAS (kiunganishi cha diski za seva), TB 3.84 kila moja, modeli moja na zimenunuliwa pamoja. Itabeba PostgreSQL (programu ya databesi) juu ya mdadm (programu ya Linux inayounganisha diski kuwa RAID). Mhasibu anang'ang'ania RAID 5 (inavumilia diski moja kufa) kwa sababu inabakiza TB 26.88, wakati RAID 6 (inavumilia mbili) inashuka hadi 23.04. Anasema SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo mbili kufa kwa mpigo ni nadra mno. Ipo na ya tisa ya akiba, itakaa imechomekwa muda wote. Mnashauri nini?

bitisifuri
Mhasibu yuko sahihi nusu. RAID 5 ilichafuka jina enzi za diski za sahani, ambazo za kawaida huruhusiwa kosa 1 la kusoma kwa kila biti 10^14. Moja ikifa hapo kwako, unasoma 7 zilizobaki mwanzo hadi mwisho, yaani biti kama 2.15 × 10^14. SSD za seva huahidi kosa 1 kwa biti 10^16 au bora zaidi, hivyo uwezekano ni kama asilimia 2. Hilo si la kukukosesha usingizi.

La kukukosesha usingizi ni umri. Hesabu za pariti (data ya ziada ya kurudishia diski iliyokufa) zinachukulia kwamba kila diski itakufa kwa wakati wake. Zako zina fimuwea (programu ya ndani ya diski) moja, saa za kuwaka zilezile, na RAID inazigawia kazi ya kuandika karibu sawa. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS, zenye fimuwea ya kabla ya HPD8, hufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka: miaka 3, siku 270 na saa 8. Data hairudi, diski hairudi. Machi 2020 likaja tangazo la pili, safari hii saa 40,000. 32,768 ni 2^15, na aliyewahi kuandika programu kwa lugha ya C atajua kaunta ilijaa wapi. Zikiwashwa pamoja zinaondoka pamoja, na hapo hata RAID 6 haikuokoi.

Sasa hiyo ya akiba inayowaka muda wote: saa zake nazo zinahesabika! Itoe, iweke kabatini.

kapasita
Naunga mkono RAID 6, ila ujue gharama yake. Kila andiko dogo linagusa diski tatu (data na pariti mbili) badala ya mbili, kwa hiyo zinachakaa haraka zaidi. Soma DWPD (mara ngapi kwa siku diski inaweza kuandikwa yote) kwenye karatasi ya kiwanda: 1 kwa miaka 5 kwenye TB 3.84 ni kama TB 7,000 za kuandika. Databesi ikiwa na maandishi mengi madogo, RAID 10 (kila diski ina nakala kwenye nyingine) ya TB 15.36 ni ya kufikiria.

Halafu umeme. Hakikisha SSD zina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika. Jaribu kwa fio (programu ya kupima diski) kwenye faili, `--rw=write --bs=4k --fsync=1`, kwenye diski moja isiyopitia kache ya kontrola. Ikileta maandiko mia kadhaa tu kwa sekunde, itilie shaka.

Lakini kapasita hazizibi pengo la mdadm lenyewe: umeme ukikatika data ikiwa imeshaandikwa na pariti bado, mstari huo (kipande cha data na pariti yake kwenye diski zote) hauoani tena. Kwenye RAID 5 unawasha `--consistency-policy=ppl` (kumbukumbu ya pariti inayoandikwa kwanza). RAID 6 haina ppl, inataka `--write-journal` (jonali, diski ya pembeni inayopokea andiko kwanza), na jonali hiyo iwe juu ya diski mbili zilizoakisiwa, maana kila andiko linapita hapo.

raki_ya_pili
Shukrani wakuu. Ila zimeshanunuliwa. Umri nautofautishaje?

bitisifuri
Badilishana mbili au tatu na seva nyingine yenye diski za kampuni tofauti. Kwanza linganisha ukubwa kwa `blockdev --getsize64`, kwa sababu mdadm haipokei diski iliyopungua hata kidogo. Unapounda, acha GB chache kila diski kwa `--size`.

Kubadilisha baadaye usianze na `--fail` (kuitangaza diski imekufa). Ongeza mpya kwa `--add` iwe ya akiba, kisha tumia `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc --with /dev/sdi`. Ya zamani inabaki kazini hadi mpya ijae. `speed_limit_max` (kikomo cha kasi ya kujaza, KB kwa sekunde) ikiachwa kwenye 200000, TB 3.84 itachukua zaidi ya saa tano, basi ipandishe mzigo ukiwa mdogo.

Kila mwezi andika `check` kwenye `/sys/block/md0/md/sync_action` ili RAID ijikague, kisha `smartctl -x`, uangalie saa za kuwaka na asilimia ya uchakavu. Zikikaribiana zote, agiza moja mapema. Fimuwea ya ile ya kabatini isasishe kabla hujaichomeka.

kapasita
Na bekapu ikae kwenye mashine nyingine. Snapshoti (picha ya data ya wakati fulani) iliyo juu ya diski hizohizo inaondoka nazo.