Hotirodi ya kwanza kwa pikapu ya Morris ya babu: nianzie wapi?

Kijana wa Bombo ameuliza:

Wazee wangu na ndugu zangu wa magari, nawasalimu kutoka Bombo. Babu yangu alipofariki alituachia pikapu ya Morris Minor ambayo imesimama chini ya mwembe kwa zaidi ya miaka 20, na familia imekubali niichukue kwa sharti moja tu, kwamba isije ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa muda mrefu nimetamani kuunda hotirodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kupewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani, na sasa naona gari limejileta lenyewe. Sakafu imeliwa na kutu, injini imeganda na matairi yameoza, lakini chasi, yaani fremu ya chini, nikiigonga kwa nyundo inalia vizuri, isipokuwa sehemu moja ya nyuma upande wa kushoto ambako mlio ni wa chuma kilichochoka.

Nimekwisha kwenda Kampala, soko la vipuri la Kisekka, mara mbili, na huko nimeonyeshwa injini ya Toyota aina ya 1UZ, yenye silinda nane, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Moyo wangu uko hapo. Akiba yangu inatosha kuinunua leo, ila baada ya hapo nitakaa miezi kadhaa bila senti. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, kwa hiyo chuma nakifahamu, lakini magari nimejifunza kwa kutazama tu. Je, niichukue injini hiyo kabla haijanunuliwa na mwingine, au kuna jambo linalotangulia?

Fundi wa Katwe amejibu:

Pole kwa msiba wa mzee, kijana wangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Injini hiyo usiinunue.

Kwanza nikuambie bahati uliyo nayo. Morris Minor ya saluni haina chasi ya kujitegemea, bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu, na kutu ikiingia sakafuni gari zima hulegea. Pikapu na vani zilijengwa tofauti: zina chasi yake chini, na bodi inakaa juu. Maana yake unaweza kuinua bodi, kuiweka pembeni juu ya magogo, na kuifanyia kazi chasi ikiwa wazi mbele yako kama kitanda.

Ukishaiinua, usishike mashine ya kukatia. Shika timazi. Weka chasi juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, uisawazishe kwa pima maji, kisha uteremshe timazi kutoka kwenye matundu ya kufungia springi za nyuma na matundu ya kufungia viungo vya mbele, kulia na kushoto, na kila inapogusa sakafu uweke alama ya chaki. Chasi ikiondoka utabaki na ramani yake chini. Pima mshazari kutoka kulia mbele hadi kushoto nyuma, kisha mshazari wa pili. Tofauti ya milimita mbili au tatu nisingeisumbukia. Ikizidi tano, gari hilo liliwahi kugongwa, au kutu imelilegeza, na ni lazima linyooshwe kabla hujachomelea chochote. Ukichomelea chasi iliyopinda umeifunga katika upinde wake daima.

Sehemu ile yenye mlio mbaya uikate hadi ufike kwenye chuma kizima, na uunge kipande kipya chenye unene uleule. Usikate wima moja kwa moja, kata kwa mshazari, ili mstari wa kuchomelea uwe mrefu na mzigo usiangukie mahali pamoja. Wewe ni mtu wa mageti, nami nasema kwa heshima: geti likiachia unalirekebisha kesho, chasi haina kesho. Fanya majaribio kwenye vipande vya taka, uvipinde kwa nyundo kubwa hadi vivunjike, na kama vinavunjikia kwenye uungaji badala ya pembeni yake, mwite mwenye mkono mzoefu kwa siku hiyo moja.

Baada ya chasi ni breki, na hapa nina kovu. Gari langu la kwanza la namna hii lilikuwa Datsun, nami nilifanya vilevile unavyotaka kufanya, nikaanza na injini. Siku ya tatu barabarani nilikuwa nateremka kilima cha Muyenga, mpira wa breki wa zamani ukapasuka, na kwa kuwa mfumo ulikuwa wa njia moja kwa magurudumu yote, pedali ilizama hadi sakafuni bila upinzani wowote, kama unakanyaga uji. Nilisimama ndani ya mtaro. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni ile harufu kali ya mafuta ya breki yakiungua juu ya egzosti, huku injini yangu nzuri ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwangu bila masta silinda (pampu kuu ya breki) yenye njia mbili, mabomba mapya, mipira mipya, na diski mbele.

Mpenda Silinda Nane, Jinja, amejibu:

Mzee wa Katwe, nakuheshimu sana, na katika breki sina neno. Lakini tusimkatishe kijana tamaa. Hotirodi ilizaliwa California, kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, na kilichoipa umaarufu ni ile Ford ya 1932, ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa watu wa kawaida silinda nane kwa bei wanayoiweza. Ukiondoa silinda nane umebaki na Morris iliyopakwa rangi. Isitoshe, 1UZ ina bloku ya aluminiamu, si nzito kama watu wanavyodhani, na injini ile ni ngumu kufa. Kama ameipata yenye afya, aifungie stoo.

Fundi wa Katwe amejibu:

Ndugu yangu wa Jinja, historia hiyo umeianzia katikati. Vijana wa Muroc walikuwa wakishindana kwa Model T na Model A za silinda nne kabla Ford hajaleta silinda nane, na njia yao ya kwanza ya kupata mwendo ilikuwa kuvua: waling'oa madigadi, paa na kila kilo isiyosukuma gari. Na hiyo silinda nane ya 1932 unayoisifu, yenye ujazo wa karibu lita 3.6, ilitoa nguvu farasi 65. Injini ya Toyota 5K iliyofanya kazi ndani ya vani ndogo ya LiteAce, cc 1486, ikiwa nzima haiko mbali sana na hapo, tena itakuwa ndani ya gari dogo zaidi.

Sasa tazama hesabu ya kijana. Morris yake, hata ikiwa na ile injini kubwa ya cc 1098, ilipewa nguvu farasi 48, na difu (gia za ekseli ya nyuma), ekseli, springi na breki vyote vilipimwa kwa hizo 48. Ile 1UZ, hata ya zamani, ina karibu 250. Ataifunga, halafu atavunja ekseli za nyuma, atanunua difu, difu mpya itakuwa pana kuliko bodi, ataikata, propela (mhimili wa kupeleka nguvu nyuma) itabidi ifupishwe, radieta haitatosha kwenye foleni ya Kampala, na pua ya Morris ni nyembamba kiasi kwamba vichwa viwili vya injini hiyo vitagombea nafasi na usukani. Bado hatujazungumzia kompyuta na nyaya zake.

Kijana, ushauri wangu ni huu: usinunue injini, nunua gari zima lililogongwa. Tafuta Corolla DX ya kusukuma kwa nyuma, iliyoumia ubavuni au mgongoni, na uisikilize ikiwaka kabla haijafunguliwa. Humo utapata injini ya 4K yenye karbureta, giaboksi ya mkono, propela, difu, breki za diski mbele, pedali, hata boliti, vyote vinavyofahamiana. Ukiona 5K ya bei nzuri baadaye, hiyo ni ndugu yake wa damu. Na unapofunga, hakikisha mhimili wa giaboksi na ule wa difu viko sambamba ukivitazama kutoka ubavuni, la sivyo propela itatetemeka kila ukifika kilomita 60. Karbureta nayo uitazame: sisi tunaishi juu, Kampala ni karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (tundu la kupitishia petroli) iliyopimwa kwa pwani itakumwagia petroli isiyoungua.

Madigadi uyaache. Muroc hakunyeshi, Bombo kunanyesha.

Mama Nyaya, Arua, amejibu:

Wanangu mmesema mengi ya chuma, nami naongeza mawili ambayo yakisahauliwa huuma.

La kwanza ni umeme. Morris Minor zilitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, na chaji yake ni ya dainamo. Toyota ni kinyume, hasi ndiyo inayokaa kwenye bodi, na inachaji kwa altaneta. Mtu akiunga altaneta ya Toyota huku betri ikiwa imefungwa kwa mtindo wa Morris, diodi zilizo ndani ya altaneta zinakufa kabla hajafunga boneti. Ng'oa nyaya zote za zamani, hata zile zinazoonekana nzuri, kwa sababu nguo iliyozizungushia imeshakauka, na uanze upya na hasi kwenye bodi.

La pili ni karatasi. Gari bado liko kwa jina la babu, Mungu amrehemu, kwa hiyo mambo ya mirathi yamalizwe na umiliki uhamishwe kwako kabla hujakata kitu. Namba ya chasi usiiguse kwa tupa wala kwa rangi nzito. Ukibadilisha injini au rangi, badiliko hilo liandikishwe kwenye kadi ya gari, maana askari wa barabarani atalitazama gari kama hilo mara mbili. Wala msidhani atapata bodi nyingine kutoka ng'ambo hii ikiharibika: tangu 2018 sheria yetu ya Uganda inazuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi, isipokuwa ya aina chache. Ulicho nacho chini ya mwembe ndicho hicho.

Kijana wa Bombo amejibu:

Nawashukuru wote, na mzee wa Katwe hasa. Mwenye injini nimemwambia auze. Jumamosi, mimi na binamu zangu wanne tuliinua bodi, tukakuta chini yake kiota cha kuku na spana moja ya babu ambayo bibi aliitambua mara moja. Nimepima kwa timazi kama ulivyoelekeza. Mishazari imetofautiana kwa milimita 11, na kona iliyorudi nyuma ni ile ya kushoto yenye mlio mbaya.

Fundi wa Katwe amejibu:

Basi babu aliwahi kugongwa hapo na hakuwaambia. Usiivute bado. Kata kwanza ile sehemu iliyooza, uachie chuma kipumue, kisha upime tena. Huenda sehemu ya tofauti ikaondoka yenyewe. Iliyobaki tutaivuta kwa mnyororo na jeki. Nitafutie siku ambayo si ya soko, nije na mnyororo wangu.