Naomba ushauri: kidonda cha mguu wa mama mwenye kisukari

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tandahimba na mama yangu, miaka 61, anaugua kisukari tangu 2014. Wiki tatu zilizopita alikanyaga kijiti kwenye mikorosho akiwa na ndala. Hakusikia chochote, miguu yake ina ganzi siku nyingi. Alijua jioni, alipoona damu kwenye ndala.

Kidonda kilikuwa kidogo, chini ya kidole gumba, tukawa tunasafisha kwa maji ya chumvi. Tangu juzi mambo yamebadilika. Asubuhi bandeji imelowa usaha wa kijani, na ukiingia tu chumbani unakutana na harufu. Ngozi ya pembeni inang'aa, ukiigusa ni ya moto kuliko mguu wa pili, na uvimbe umepanda hadi kwenye kifundo. Sukari yake huwa 9, leo imesoma 19. Usiku alitetemeka kwa baridi.

Yeye anasema hakiumi, basi si kitu. Hilo ndilo linalonitisha, maana mishipa ya fahamu ikishaharibika maumivu hayaji kukuonya.

Zahanati walitupa vidonge tu, kidonda hawakukifungua. Baba mdogo analeta majani ya kubandika, nimemkatalia.

Natafuta gari usiku huu huu tumpeleke Mtwara mjini. Mliouguza, niulizie vipimo gani? Eksirei ya mfupa? Kuotesha usaha maabara, ili wajue ni vijidudu gani? Na mama anaogopa kukatwa mguu, analia. Ninyi mliongeaje na wagonjwa wenu?